Bunduki ya Upepo Uliyorithi: Ni Silaha au Si Silaha?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mjomba wangu alifariki mwaka jana, na katika vitu vyake nimeachiwa bunduki ya upepo, ile ya kukunja mtutu, kipenyo milimita 5.5. Sina leseni ya silaha yoyote. Rafiki yangu anasema leseni haihitajiki kwa sababu haitumii baruti, na kwamba ni kitu cha kuchezea tu. Nyuma ya nyumba nina uwanja wenye ukuta wa mawe, na kijana wangu wa miaka 13 ananisumbua kila siku nimfundishe kulenga shabaha. Naweza kuitumia hapo? Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na pole kwa msiba wa mjomba. Nitayajibu yote, ila naanza na swali ambalo hukuuliza: una hakika hiyo bunduki haina kitu ndani sasa hivi?

Sikutishi. Bunduki za marehemu hukutwa nyuma ya kabati au juu ya dari, na mwenyewe hayupo wa kueleza aliiacha vipi. Ielekeze mahali pasipo na mtu wala kitu kigumu, kidole kikae mbali na kifyatulio, kisha ukunje mtutu taratibu, nusu tu, mpaka uone tundu la nyuma. Kama kuna peleti, ile risasi ndogo ya bunduki hii, utaiona imeziba tundu, kijivu, kama kikofia kidogo kilichoangalia kwako. Usitumie macho peke yake, sikiliza kwa mkono pia. Bunduki kama yako husukuma hewa kwa springi, na ikiwa haijakokiwa, yaani springi haijavutwa tayari kufyatuka, hukukatalia. Unahisi springi inakusukuma. Ikikunjika laini kama mlango wa kabati, basi ama imeachwa imekokiwa, ama springi imekatika, na kwa vyovyote vile ihesabu kuwa ina risasi. Iliyokokiwa hutulizwa kwa kuifyatua ndani ya ndoo iliyojaa mchanga, mdomo wa mtutu ukiangalia chini. Kama hujawahi kufyatua bunduki maishani mwako, mtafute anayezijua akufanyie.

Na unapoukunja mtutu, usiuachie hata kwa sekunde moja mpaka umeufunga mwenyewe. Kifyatulio kikiteleza wakati mtutu uko wazi, springi huurudisha kwa kishindo, na kidole kilichokuwa kikisukuma peleti kinabanwa hapohapo. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mtu mzima mwenye akili zake, ambaye kwa kosa hilo aliondoka uwanjani kidole kimefungwa kitambaa, na kitako cha bunduki kimepasuka kuanzia shingoni. Tangu siku hiyo nafundisha kukunja na kufunga bila peleti kabla ya kufundisha kulenga.

Haya, tumrudie rafiki yako. Alichokuambia ni kweli katika baadhi ya nchi. Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 kuhusu bunduki inaitambua silaha ya moto kwa kilipuzi kinachosukuma risasi, kwa hiyo bunduki ya hewa imebaki nje ya tafsiri hiyo. Lakini hata hukohuko Marekani, jimbo la New Jersey linaiweka bunduki ya hewa katika kundi la silaha za moto. Hoja ya baruti inaeleza chombo kinavyofanya kazi. Watunga sheria wengi wanauliza jambo jingine: kinachotoka mtutuni kina nguvu kiasi gani?

Kuhusu kuchezea, mwambie kwamba mwishoni mwa karne ya 18 jeshi la Austria liliwapa baadhi ya askari wake bunduki ya hewa iliyobuniwa na fundi Girandoni. Chupa ya hewa ndiyo iliyokuwa kitako, pembeni ya mtutu kulikuwa na ghala la risasi kama 20, na askari aliweza kufyatua moja baada ya nyingine bila moshi, wakati mwenzake wa baruti bado anashindilia ya pili. Wasafiri wa Marekani Lewis na Clark walipovuka bara la Amerika Kaskazini kati ya 1804 na 1806 walibeba bunduki ya hewa, na walipenda kuifyatua mbele ya watu waliokutana nao njiani ili kuwastaajabisha. Halafu lugha yetu yenyewe imeshatoa hukumu: risasi ni jina la madini, na ni jina la kile kinachoua. Peleti yako ni risasi kwa maana zote mbili.

Sasa tuipime hiyo nguvu, maana bila namba mazungumzo ya sheria ni kelele. Nguvu ya peleti hupimwa kwa jouli. Unachukua uzito wake kwa kilo, unazidisha kwa kasi, unazidisha tena kwa kasi ileile, kisha unagawa kwa mbili. Peleti ya 5.5 yenye gramu 1.03, ambayo ni ya kawaida sana, ikitoka kwa mita 175 kwa sekunde ina karibu jouli 15.8. Kasi huwezi kuikisia kwa sikio. Hupimwa kwa kronografu, kijisanduku chenye vihisi viwili ambavyo peleti hupita juu yake, kimoja baada ya kingine. Uzito umeandikwa kwenye kopo la peleti, mara nyingi kwa greni. Greni moja ni gramu 0.065 hivi.

Nakutajia namba hizi kwa sababu zina mtego. Chukua bunduki hiyohiyo, tia peleti nyepesi ya gramu 0.77, tuseme itoke kwa mita 210. Piga hesabu: jouli 17. Bunduki haikuguswa, umebadilisha kopo tu, na tayari umevuka kikomo cha nchi fulani. Bunduki za springi kwa kawaida hutoa nguvu zaidi zikipewa peleti nyepesi, na zile za hewa iliyojazwa tayari hupenda peleti nzito. Kwa hiyo anayepima kwa ajili ya sheria hupima kwa aina kadhaa za peleti na kuchukua namba kubwa kuliko zote. Ile namba ya kasi iliyopigwa rangi kwenye boksi ni ya muuzaji, nayo mara nyingi imepatikana kwa peleti nyepesi kuliko utakayotumia.

Tuibebe basi bunduki yetu ya springi ya jouli 15.8 tuzunguke nayo duniani, uone inavyobadilika jina. Ikiwa England au Wales, mtu mzima anaimiliki bila leseni, kwa kuwa kikomo cha bunduki ndefu ya hewa ni futi-pauni 12, yaani jouli 16.27; ikizidi hapo inahitaji cheti cha silaha ya moto. Ivushe mpaka uingie Scotland, nchi ileile ya Uingereza, na tangu tarehe 31 Desemba 2016 unahitaji cheti cha kuimiliki. Ipeleke Ireland ya Kaskazini, ambako kikomo ni jouli 1 tu, na ni silaha ya moto kamili. Ujerumani huuzia watu wazima bila kibali bunduki zisizozidi jouli 7.5 zenye alama ya herufi F ndani ya umbo la pembe tano. Hii yetu imezidi mara mbili, kwa hiyo ni ya kibali. Kanada inaangalia vitu viwili kwa pamoja: kasi iliyozidi mita 152.4 kwa sekunde na nguvu iliyozidi jouli 5.7. Yetu imevuka yote mawili, leseni inahitajika. Australia na Japani, leseni. New Zealand, mwenye miaka 18 anaimiliki bila leseni kwa sababu ni ya springi, lakini angekuwa na ile ya hewa iliyojazwa tayari angehitaji leseni. India inaweka mstari kwenye jouli 20 na pia kwenye kipenyo cha 4.5, na hii yetu ya 5.5 inanaswa na kipenyo kabla hata haijapimwa nguvu.

Bunduki ni moja, majibu ni manane. Ndiyo maana sipendi mtu akiniambia "nimesoma mtandaoni kwamba hazihitaji leseni". Umesoma kuhusu nchi gani?

Kwako wewe hatua ni hii. Nenda kituo cha polisi, au ofisi inayotoa leseni za silaha katika nchi yako, mikono mitupu. Bunduki ibaki nyumbani imefungiwa. Watu wengi wenye nia njema wamejiingiza matatani kwa kubeba begani kitu walichotaka kukisalimisha, na askari anayekuona kwa mbali hana namna ya kujua kwamba ndani kuna springi na si baruti. England ni kosa kuibeba bunduki ya hewa hadharani bila sababu ya maana hata kama haina peleti. Chukua picha ya maandishi yote yaliyo juu ya chuma, namba ya utambulisho ikiwemo, pamoja na hati ya kifo na karatasi ya mirathi. Uliza kama aina hiyo inahesabiwa silaha, na kwa kigezo kipi: nguvu, kipenyo au mtambo wake. Uliza mrithi ana muda gani wa kuitolea taarifa, kwa sababu leseni ya marehemu, kama alikuwa nayo, ilikuwa ya kwake. Hairithiwi pamoja na chuma. Uliza pia kuhusu kufyatua ndani ya eneo la makazi, maana mara nyingi sheria ya nchi inaruhusu na kanuni za mji zinakataza. Majibu uyapate kwa maandishi ikiwezekana. Mpaka hapo, usiifyatue kwa mazoezi.

Ikitokea wamekuambia haimilikiki, ikabidhi. Najua ni kumbukumbu ya mjomba, na najua inauma. Katika baadhi ya nchi kuna fundi mwenye kibali anayeweza kuiziba isifyatue tena ukabaki nayo kama pambo, lakini hilo nalo liulize, usilifanye kwa msumeno wako.

Sasa tuseme umeruhusiwa. Ukuta wa mawe.

Ukuta wa mawe haufai, na sisemi hivyo kwa kusoma. Nilipokuwa naanza niliegemeza ubao mwembamba kwenye tofali, mita kama nane, nikafyatua. Peleti ilipita kwenye ubao kama haukuwepo, ikagonga tofali, ikarudi. Ilinipiga chini ya jicho, kwenye mfupa wa shavu. Nilikuwa nimevaa miwani ya kawaida ya kusomea, na ndiyo iliyopunguza kishindo. Kioo kimoja kilipasuka. Peleti niliyoiokota ilikuwa imebapa kama sarafu, ukingo wake mkali. Peleti iliyopoteza nguvu nyingi huenda isitoboe ngozi, lakini jicho halihitaji nguvu nyingi. Miwani ya kinga ni ya anayefyatua na ya kila aliyesimama karibu, hata yule aliyesema anaangalia tu.

Hatari ya pili ni juu ya ukuta. Peleti ya nguvu hizi ikipaa huenda mamia ya mita kabla ya kutua, na huijui itatua wapi. England wameliandika hili waziwazi: peleti ikivuka mpaka wa eneo uliloruhusiwa kufyatulia, ni kosa, hata kama haikumgusa mtu. Naipenda sheria hiyo kwa sababu inauliza swali ambalo mlengaji anapaswa kujiuliza kila mara: nikikosa kabisa, kwa mkono uliotetemeka au mtu aliyenigutua, hii inaishia wapi? Jibu likiwa "sijui", usifyatue.

Kwa hiyo tengeneza kinasa risasi. Sanduku la mbao, nusu mita kwa nusu mita, kina cha sentimita 20 au zaidi, mgongoni bamba la chuma. Lijaze mchanga mkavu uliochekechwa kokoto zote, au matambara yaliyoshindiliwa mpaka yakawa magumu kama godoro la zamani. Mbele ziba kwa kadibodi nene na ubandike karatasi ya shabaha juu yake. Mchanga utamwagika kwenye matundu, ndiyo kero yake; matambara hayamwagiki ila lazima uyageuze, kwa sababu ukipiga pale katikati kila siku unachimba handaki hadi kwenye chuma. Nyuma ya sanduku weka kizuizi kingine kikubwa zaidi, tuta la udongo likiwezekana, kwa ajili ya zile zitakazokosa sanduku lenyewe. Zitakuwepo. Mageti na milango inayoingia upande ule uifunge kabla ya kuanza, na paka, mbuzi, jirani anayekuja kuomba kitu, wote uwe na namna ya kuwasikia kabla hawajatokea. Vile vigololi vya chuma usivitumie kabisa: vinaharibu mifuo ya mtutu na hurudi vibaya kuliko peleti.

Kijana. Umri wa miaka 13 si mdogo kwa mchezo huu. Mabingwa wengi walianza hapo. Sheria ndiyo inayosema kwa masharti gani. England, aliye chini ya miaka 14 lazima asimamiwe na mtu wa miaka 21 au zaidi, na kununua ni kuanzia 18. Ujerumani wanaanza miaka 12 uwanjani, kwa idhini ya mzazi na chini ya msimamizi mwenye sifa. Mzazi wa England anayeiacha bunduki mahali ambapo mtoto anaweza kuichukua bila ruhusa ana kesi yeye mwenyewe. Angalia kwenu wanasemaje.

Ila kuna jambo ambalo sheria hailigusi. Bunduki ya mjomba wako si ya kumfundishia. Kuukunja mtutu wa springi ya nguvu hizo kunaweza kudai mkono wa kilo 15 au zaidi, na mtoto asiyeweza kuukunja kwa mkono mmoja huanza kuugandamizia tumboni au kuuinamia kwa kifua, mdomo wa mtutu ukiwa chini ya kidevu. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja na kila mara nasitisha somo. Klabu ya kulenga shabaha, kama ipo mnapoweza kufika, ina bunduki nyepesi za jouli 7 au 8 zinazofaa umri wake, na wasimamizi. Asidhani ni za watoto: mita 10 kwa bunduki ya hewa ni mchezo wa Olimpiki tangu Los Angeles 1984. Duara lote la shabaha lina upana wa milimita 45.5, na alama ya 10 ni kidoa cha nusu milimita. Peleti ya 4.5 ikikipiga inakimeza kizima. Mlengaji hupiga 60 katika mchujo. Medali ya kwanza ya dhahabu ya mtu mmoja katika historia ya India kwenye Olimpiki ilitoka hapo, Abhinav Bindra, Beijing 2008. Mwonyeshe kidoa hicho kwa rula, ataacha kusema mita 10 ni karibu.

Wewe mwenyewe sasa, na bunduki ya springi. Wengi huichukia mwezi wa kwanza kwa sababu wanaishika kama wanataka kuinyonga. Ndani ya silinda kuna pistoni nzito. Ukifyatua, springi inairusha mbele na bunduki inarudi nyuma. Halafu pistoni inakutana na hewa iliyobanwa, inasimama ghafla, na bunduki inarukia mbele. Yote hayo huanza wakati peleti bado iko mtutuni. Ukiibana leo kwa nguvu hii na kesho kwa nguvu ile, kila peleti inatoka na mtikisiko wake. Dawa ni kuiachia itikisike vilevile kila mara. Laza kiganja wazi chini ya kitako cha mbele, ile sehemu iliyo mbele ya kifyatulio, usikikunjie vidole, bega liguswe tu, shavu lipumzike. Pumua, toa nusu, subiri mikono itulie, vuta kifyatulio polepole kama unakamua tone la mwisho la asali, kisha baki ulivyo mpaka umeona tundu kwenye karatasi. Anayeinua kichwa haraka kuangalia alipopiga ameshaharibu kabla peleti haijatoka.

Anza mita 10. Fyatua tano bila kugusa vilengeo, uone kundi limekaa wapi. Tundu tano zikiwa karibukaribu lakini kushoto, hilo ni tatizo la vilengeo na linarekebishika kwa bisibisi. Zikiwa zimetawanyika huku na huku, usiguse bisibisi. Tatizo ni mshiko wako au aina ya peleti. Jaribu makopo matatu au manne tofauti. Mtutu mmoja hupenda peleti ambayo mtutu mwingine wa kiwanda hichohicho unaikataa, na sijawahi kupata njia ya kujua isipokuwa kujaribu.

Ukisogea mbali, kumbuka peleti inaanguka tangu inapotoka. Ile yetu ya mita 175 ikifika mita 30 imeshashuka zaidi ya sentimita 15 chini ya mstari wa mtutu. Darubini hulificha hilo kwa kuinamisha mstari wa jicho ukutane na njia ya peleti. Kwa kweli hukutana mara mbili, mara moja peleti ikipanda na mara nyingine ikishuka. Ukilenga mahali palepale kwa mita 15, 30 na 45 hutapata jibu moja. Na kama utafunga darubini, iwe iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki za springi. Ile ruka-mbele ya pistoni inavunja darubini nzuri za bunduki kubwa, kwa kuwa zimeandaliwa kwa msukumo wa nyuma peke yake.

Usiifyatue bila peleti kwa mazoezi. Peleti ndiyo inayoziba mtutu ili hewa ijibane na kuwa mto wa pistoni. Isipokuwepo, pistoni inagonga mwisho wa silinda chuma kwa chuma. Usitie mafuta ya cherehani wala ya injini kwenye tundu la hewa ukidhani unailainisha. Hewa inapobanwa ghafla hupata joto la kuwasha hayo mafuta, na utasikia mlipuko na kuona moshi, na namba za kronografu zitapanda kwa njia ambayo si ya kujivunia. Kama siku moja utanunua ya hewa iliyojazwa tayari, ambayo hubeba mgandamizo wa bar 200 hadi 300, ijaze hewa kavu tu. Oksijeni ya hospitalini ama ya kuchomelea ikikutana na grisi ndani yake inaweza kuipasua chupa mkononi.

Osha mikono kwa sabuni kila ukimaliza, kabla ya kula chochote. Peleti nyingi ni risasi tupu, madini yenye sumu, na mbaya zaidi kwa mwili wa mtoto. Nawajua walengaji wazee wanaoshikilia peleti mbili midomoni huku wanakunja mtutu, kama fundi seremala na misumari yake. Kijana wako asiione tabia hiyo kwako.

Kuhusu ndege na panya hukuuliza, ila utauliza. Sheria za wanyama ni kitabu kingine, na ndege wengi wanalindwa. Mpaka utakapoweza kuweka peleti kumi mfululizo ndani ya kiduara cha sarafu, kwa umbali uleule unaotaka kupigia kiumbe hai, hilo liache.

Kuitunza: kabati linalofungwa, ufunguo mfukoni mwako, peleti sehemu nyingine. Isikae imekokiwa, springi inachoka.

Ukishapata jibu la polisi na ukaipima, niandikie namba tano za kronografu na uzito wa peleti uliyotumia. Zikipishana kwa mita moja mpaka nne, mjomba aliitunza vizuri na hakuna la kufanya. Zikipishana kwa mita 15 au 20, huenda kizibo cha pistoni kimekauka na kinahitaji kubadilishwa; za zamani nyingi zilikuwa na kizibo cha ngozi. Kazi hiyo ni ya fundi. Usifungue zile pini za nyuma ya silinda kwa udadisi: springi iliyo ndani imebanwa hata wakati bunduki haijakokiwa, na bila kifaa cha kuishikilia itatoka na kizuizi chake kuelekea usoni mwako.